Barabara ni moja: kinga, chukudu na motokari. Nani aonekane, nani alipe?

FUNDISHO LA USALAMA NA AFYA

Ndugu mfanyakazi, mama wa nyumbani, nanyi vijana wa shule,

Mara nyingi ukurasa huu unasema juu ya hatari za ndani ya shimo: mawe yanayoanguka, hewa mbaya, baruti, mashini. Leo tunatoka nje ya lango. Hatari haibaki kazini wakati king'ora kinapolia. Inakungojea barabarani, pale unapopanda kinga yako kurudi nyumbani, na pale mtoto wako anaposhuka mlima na chukudu yenye mzigo wa viazi.

Kila mwaka ajali za barabara zinaua watu karibu 1.190.000 duniani. Ni hesabu iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani (O.M.S.) mwaka 2023. Zaidi ya nusu yao hawakuwa ndani ya motokari. Walikuwa watu wa miguu, watu wa kinga na watu wa pikipiki. Maana yake, yule asiye na bati la kumfunika ndiye anayekufa kwanza. Tujifunze basi mambo mawili: namna ya kuonekana, na nani analipa.

1. NANI YUKO BARABARANI?

Tazama barabara zetu za Masisi na Walikale, toka Sake hadi Mushaki, hadi Masisi-kati, hadi vijiji vya Kingi. Kamio inapanda na magunia ya saruji. Jeep ya shirika inakimbia. Pikipiki inabeba watu wawili na godoro juu. Mama anatembea na kitunga cha maharagi mgongoni. Ng'ombe wanavuka kwenda malishoni. Katikati ya wote hao kuna kinga na chukudu.

Chukudu hatuna haja ya kumweleza mtu wa Kivu. Ni mti wa mikaratusi uliochongwa, magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa mpira wa gurudumu la zamani, na usukani wenye pembe mbili. Inabeba mamia ya kilo: makaa, kabichi, mbao, vidumu vya maji. Imejenga nyumba nyingi na kusomesha watoto wengi, hata mji wa Goma uliisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya njia panda. Chombo kilichopewa heshima hiyo kinastahili kupewa nafasi barabarani vile vile.

Barabara zetu zimezoea kushirikiwa. Wazee wa Walikale wanakumbuka Kilambo, katika miaka ya 2000, ambako ndege zilikuwa zinatua juu ya lami ya barabara kuchukua kasiteriti. Ndege ikifika, kila mtu alijiondoa. Kama tuliweza kumpisha rubani, hatuwezi kushindwa kumpisha mtu wa kinga.

2. KUONEKANA NI KUISHI

Shofa hawezi kumkwepa mtu ambaye hamwoni. Neno hili ni rahisi, lakini wengi wanalisahau. Mwenye kinga anaona taa za kamio toka mbali, naye anajisemea moyoni: «Mimi namwona, basi naye ananiona.» Hapana! Taa za kamio zinaonekana toka mbali kwa sababu zinawaka. Wewe huwaki. Wewe ni kivuli kati ya vivuli.

Tupige hesabu pamoja. Motokari inayokwenda kilometa 40 kwa saa inapita mita 11 kila sekunde. Shofa akiona kitu, anahitaji karibu sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Mita 11 zimekwisha kupita bure. Kisha breki yenyewe inahitaji nafasi yake. Juu ya barabara yenye maji, hesabu iko karibu hivi:

— kwa kilometa 30 kwa saa, motokari inasimama baada ya mita 17;
— kwa kilometa 40 kwa saa, inasimama baada ya mita 27;
— kwa kilometa 60 kwa saa, inasimama baada ya mita 52.

Juu ya matope yanayoteleza, au kwa kamio yenye mzigo inayoshuka mlima, ongeza tena.

Sasa, usiku, shofa mwenye taa za chini anakuona toka wapi?

— umevaa nguo nyeusi au ya buluu: karibu mita 25;
— umevaa nguo nyeupe au ya njano: karibu mita 40;
— umevaa mkanda unaorudisha nuru: karibu mita 140.

Linganisha hesabu hizo mbili. Mwenye nguo nyeusi anaonekana kwa mita 25, na motokari ya kilometa 40 inahitaji mita 27. Mita mbili zinazopungua ndizo zinazomfanya mke kuwa mjane. Mwenye shati jeupe anaokoka mbele ya shofa wa kilometa 40, lakini si mbele ya shofa wa kilometa 60. Mwenye mkanda wa nuru anampa kila shofa muda wa kufikiri, kupunguza mwendo na kupita vizuri.

Mkanda ule unafanya kazi gani? Hauna betri, wala hauwaki wenyewe. Ndani yake mna shanga ndogo sana za kioo, au pembe ndogo ndogo, zinazopokea nuru ya taa na kuirudisha kule ilikotoka, yaani machoni pa shofa. Kwa hiyo kumbuka mambo matatu. La kwanza: mkanda wenye matope ni kipofu; uoshe kila jioni. La pili: mbele ya motokari isiyo na taa, mkanda haufai kitu, unahitaji taa yako mwenyewe. La tatu: mkanda uliofunikwa na gunia au koti la mvua haumwangazii mtu. Uweke juu ya kila kitu, hata juu ya mzigo.

Jile ya kazi yenye mikanda, uliyopewa kwa ajili ya shimo, usiikunje ndani ya mfuko ukitoka langoni. Ivae hadi mlangoni pa nyumba yako.

Sheria inasema nini? Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabarani, ambao nchi yetu iliuingia mwaka 1977, unadai kinga iwe na breki inayofanya kazi, kengele inayosikika, taa nyeupe au ya njano mbele, taa nyekundu nyuma, na kioo chekundu kinachorudisha nuru nyuma. Sheria yetu wenyewe ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Kinga yako iwe na kinga!

Angalisho kwa wenye tochi ya kichwani: tochi nyeupe ni ya mbele tu. Mtu anayeigeuza nyuma anamdanganya shofa, kwa maana nyeupe inasema «ninakuja», na nyekundu inasema «ninakwenda». Tena, iinamishe kidogo chini. Ukimpiga shofa na nuru machoni, umemfanya kipofu kwa sekunde kadhaa, nawe ndiwe uliye mbele ya gurudumu lake.

Usifikiri kwamba giza ni la usiku tu. Katika milima yetu ukungu unashuka asubuhi, na mvua ya mchana inaficha barabara kama pazia. Saa ile washa taa, hata kama jua bado liko juu.

3. KILA MTU MAHALI PAKE

Kwa mwenye kinga na mwenye chukudu

a) Fuata upande wa kuume. Katika nchi yetu vyombo vyote vinafuata kuume, na kinga ni chombo. Mtu wa miguu asiye na kitu anatembea upande wa kushoto, apate kuona motokari zinazomjia. Lakini mtu anayesukuma kinga kwa mkono anabaki kuume, kwa sababu mzigo wake unachukua nafasi. Anayesukuma chukudu afanye vile vile.

b) Usijibane kabisa juu ya ukingo wa bonde. Baada ya mvua udongo wa ukingo unakatika. Acha karibu hatua moja kati yako na ukingo. Hiyo pia ni nafasi yako ya kukimbilia, shofa akikusogelea.

c) Msiende wawili wawili bega kwa bega mnapoongea. Na chukudu zikiwa nyingi, ziachane mita 20 hivi, motokari ipate mahali pa kuingia kati yenu. Msululu mrefu usio na nafasi unamlazimisha shofa kuwapita wote mara moja, naye hajui kinachotokea mbele.

d) Kagua breki kabla ya mteremko, si katikati yake. Breki ya chukudu nyingi ni kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, kinachokanyagwa kwa mguu. Mpira ukilowana hauumi. Ukichakaa, unakanyaga mbao juu ya mbao. Mzigo wa kilo 200 ukianza kukimbia katika mteremko wa Mushaki, hakuna mguu wa mtu utakaousimamisha. Shuka, simama nyuma ya mzigo, uushike polepole.

e) Mzigo usizidi upana unaoweza kuuona kwa macho yako. Mbao zinazotoka nje pande zote mbili zinapiga watu. Mzigo ukitokeza nyuma, funga kitambaa chekundu mchana, na taa au kioo chekundu usiku.

f) Usishike nyuma ya kamio inayopanda. Tunajua mlima unachosha. Lakini shofa akikanyaga breki, au gurudumu likiingia shimoni, unatupwa chini ya gurudumu la nyuma, wala shofa hatajua.

g) Pombe na kinga haviishi pamoja. Siku ya mishahara iache kinga nyumbani, au isukume kwa mkono.

Kwa shofa na motari

a) Unapompita mtu wa kinga, umwachie mita moja na nusu. Kwa nini kubwa hivyo? Kwa sababu yeye hawezi kwenda wima kama wewe. Anakwepa mashimo. Shimo usiloliona wewe juu ya magurudumu manne linamwangusha yeye juu ya magurudumu mawili. Kama hakuna nafasi, ngoja. Sekunde 20 za kungoja hazijamwachisha mtu kazi.

b) Motokari nyingi za kwetu zimetoka Japani au zimepitia nchi za Afrika ya Mashariki, na usukani wake uko upande wa kuume. Shofa wa motokari ya namna hiyo anakaa upande wa ukingo. Haoni yanayokuja mbele mpaka ametoa pua yote ya motokari barabarani. Ndipo anashtuka, anarudi kuume kwa nguvu, na kule kuume kuna mwenye kinga. Ukiendesha motokari ya usukani wa kuume, usipite mtu mahali penye kona au kilele cha mlima.

c) Shofa wa kamio, kumbuka kwamba kutoka kiti chako cha juu huoni kilicho karibu na mlango wa pili, wala kilicho chini ya pua ya kamio. Kabla ya kuondoka, tandiboyi ashuke atazame.

d) Honi ni ya kuonya toka mbali. Honi inayopigwa karibu na sikio la mtu mwenye mzigo inamshtua, naye anaweza kuangukia upande wako.

e) Kijijini, sokoni na mbele ya shule, kilometa 30 kwa saa zinatosha. Rudia kuitazama hesabu ya juu: mita 17 mahali pa mita 52.

4. NANI ANALIPA BARABARA?

Tusikilize mashofa na wenye chukudu wanavyobishana sokoni.

— Wewe kijana, toka njiani! Mimi nalipa karatasi, nalipa mafuta, nalipa péage. Wewe unalipa nini?
— Pole, papa shofa. Nami nalipa. Kwenye kizuizi cha asubuhi nimetoa mafranga, na sokoni nimetoa tena. Kisha siku ya salongo, nani alijaza mawe katika lile shimo lililokuwa linavunja resori zako?
— Ni kweli, salongo ninyi ndio mlioifanya. Lakini motokari inalipa zaidi.
— Inalipa zaidi, papa, kwa sababu inakula barabara zaidi.

Wote wawili wana sehemu ya ukweli. Mfuko wa kitaifa wa kutunza barabara, FONER, uliundwa kwa sheria ya mwezi wa Julai 2008. Unapata mali yake kwa ushuru ulio ndani ya bei ya mafuta ya motokari, na kwa péage. Mwenye kinga hanunui mafuta hayo. Kwa hiyo shofa hasemi uongo.

Lakini tuulize upande wa pili: nani anaharibu barabara? Huko Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, mainjinia waliendesha makamio mchana na usiku juu ya barabara za majaribio, wakipima namna zinavyoharibika. Waliona kwamba uzito wa ekseli ukizidishwa mara mbili, uharibifu hauzidi mara mbili tu. Unazidi karibu mara 16. Ekseli ya tani 8 inaharibu mara 16 kuliko ekseli ya tani 4. Barabara zile hazikuwa za udongo kama zetu, na hesabu haiwezi kuwa sawa kabisa. Maana yake lakini inabaki: karibu kazi yote ya kuharibu barabara inafanywa na makamio mazito, na maji ya mvua yasiyo na mfereji. Uzito wa kinga ni kama si kitu.

Kumbuka tena kwamba mwenye chukudu anayeuza makaa, na mama anayenunua chumvi iliyoletwa na kamio, wanalipa ushuru wa mafuta bila kujua. Uko ndani ya bei ya kila kitu kilichobebwa. Na kwenye vizuizi, watu wa miguu pia wanatozwa. Uchunguzi wa shirika la IPIS la Ubelgiji, mwaka 2017, ulihesabu vizuizi 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Mafranga mengi ya vizuizi hivyo hayageuki kamwe kuwa mawe ya barabara. Hasira ya shofa na hasira ya mwenye chukudu zingefaa kuelekea huko, si kugombana wao kwa wao.

Tena, hata mtu ambaye hajalipa hata franga moja ana haki ya kutovunjwa mguu. Barabara si kiti cha sinema kinachonunuliwa kwa tikiti.

Wenye kinga nanyi mna deni moja: msikate mifereji ya maji ili mpite kwa urahisi, na msitupe jiwe mliloegemezea gurudumu katikati ya barabara. Jiwe lile usiku litamngoja motari.

5. AJALI IKITOKEA, NANI ANALIPA?

Hapa ndipo familia nyingi zinapoteza haki yao kwa kutojua.

Motokari na pikipiki. Tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, kila chombo chenye mota kinacholazimika kutembea barabarani kiwe na bima, yaani asiransi, ya kulipa madhara yanayowapata wengine. Zamani SONAS peke yake ilikuwa inauza asiransi hiyo. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa makampuni mengine. Fahamu vizuri: asiransi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya shofa. Iliwekwa kwa ajili yako wewe unayegongwa. Kwa hiyo, kujua namba ya motokari na jina la asiransi yake ni jambo la kwanza baada ya kumsaidia aliyeumia.

Kinga na chukudu. Hazina lazima ya asiransi. Lakini mwenyewe hawi huru. Sheria ya madeni, kifungu cha 258, inasema kwamba mtu aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake anapaswa kuilipa. Ukimgonga mama mja-mzito na chukudu yako isiyo na breki, utalipa mfukoni mwako. Na kifungu cha 260 kinaendelea: mzazi anajibu kwa ajili ya mtoto anayekaa kwake, na mwenye kazi anajibu kwa ajili ya mtu aliyemtuma. Baba, mtoto wako wa miaka 12 akichezea chukudu mteremkoni na kuvunja kioo cha motokari, ni wewe utakayeitwa.

Kosa la wote wawili. Mara nyingi shofa alikuwa anakimbia, na mwenye kinga hakuwa na taa. Hapo mwamuzi anagawanya kosa. Sehemu ya kosa lako inatolewa katika malipo yako. Taa ya mafranga machache inaweza basi kulinda mali nyingi ambazo mjane wako na yatima wako wangepewa.

Ukiwa njiani kwenda kazini au kurudi. Mfanyakazi mwenye mkataba, aliyeandikishwa katika CNSS (ile iliyoitwa zamani INSS), analindwa njiani pia. Ajali iliyompata kati ya nyumba na kazi inahesabiwa kama ajali ya kazi, iwapo hakugeuza njia au kukata safari kwa shauri lake mwenyewe. Mchango wa sehemu hiyo unalipwa na mwenye kazi peke yake. Haukatwi katika mshahara wako. Ukipitia baa saa mbili kabla ya kurudi, usishangae wakikuuliza.

Mchimbaji wa mkono na mbebaji wa chukudu. Hao wengi hawamo katika CNSS. Msaada wao ni kooperative na likelemba yao wenyewe. Watu 20 wakitoa kidogo kila juma, mmoja akivunjika mguu, hopitali haitamfunga kwa deni. Tena zungumzeni na yule anayewapa mzigo, kabla ya kuubeba: tukipata ajali na mzigo wako, utatusaidia nini?

6. MAMBO YA KUFANYA SAA ILE ILE

1. Zuia ajali ya pili. Mtu mmoja asimame juu, mwingine chini, kila mmoja hatua 50 au zaidi, wakipunga kitambaa mchana na tochi usiku.

2. Aliyeumia asivutwe ovyo. Kama shingo au mgongo unamuuma, msimkunje wala kumpakia juu ya pikipiki kati ya watu wawili. Mbebeni juu ya ubao au kitanda, kichwa kikiwa kimeshikwa sawa na mwili.

3. Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufungua kila wakati kutazama.

4. Usimpe chakula, maji wala pombe. Pengine atapasuliwa.

5. Aliyegonga kichwa, hata akiamka na kusema «Mimi ni mzima», aende kwa muganga. Damu inaweza kuvuja ndani polepole. Usiku ule mtu akae naye. Akitapika, akisinzia kupita kiasi, akisema maneno yasiyoeleweka, au jicho moja likiwa na mboni kubwa kuliko lingine, mpelekeni hopitali upesi, usiku huo huo.

6. Msimpige shofa, msichome motokari. Motokari iliyochomwa imechukua alama zote za ajali, na karatasi ya asiransi imeungua ndani yake. Mmeharibu haki ya mgonjwa wenu.

7. Andikeni: namba ya motokari, jina la asiransi na tarehe iliyo juu ya karatasi yake, saa, mahali, majina ya mashahidi wawili. Pigeni picha kwa simu kabla vyombo havijaondolewa. Ombeni polisi waandike P.V.

8. Mfanyakazi au jamaa yake amjulishe kapita siku ile ile, na aombe karatasi ya muganga. Chefu wa kazi ndiye anayetangaza ajali kwa CNSS, asiyejua hatatangaza.

Tunajua kwamba vita imevuruga mambo mengi katika sehemu zetu. Ilipofika Goma, mwezi wa Januari 2025, hata benki zilifunga milango. Kwa hiyo uliza kwanza ofisi gani inafanya kazi na iko wapi. Lakini karatasi usiitupe. Funga P.V., karatasi ya muganga na risiti za dawa ndani ya plastiki, umpe mama wa nyumba aziweke pamoja na vyeti vya ubatizo na vya shule. Ofisi inaweza kufungwa leo na kufunguliwa kesho. Karatasi iliyopotea hairudi.

7. NENO KWA WAMAMA

Mama, wewe ndiwe mkaguzi mkuu wa usalama. Unamwona baba akitoka alfajiri wakati wa giza. Mwulize: taa iko wapi? Jile iko wapi? Shona kipande cha kitambaa cheupe juu ya mfuko wa shule wa mtoto. Osha mikanda ya jile kwa sabuni na kitambaa laini, bila kuisugua kwa brashi ngumu, maana zile shanga ndogo zinatoka. Na mtoto unayembeba juu ya kinga, miguu yake iwe mbali na nyuzi za gurudumu; kisigino cha mtoto kinaingia humo kwa kufumba jicho.

MAULIZO YA KUJIPIMA

Someni jioni pamoja na watoto, kisha mjibu bila kutazama juu.

1. Mwenye nguo nyeusi anaonekana toka mita ngapi usiku? Motokari ya kilometa 40 kwa saa inasimama baada ya mita ngapi?
2. Kwa nini taa nyeupe isiwekwe nyuma?
3. Anayesukuma chukudu anafuata upande gani? Na mtu wa miguu?
4. Asiransi ya motokari iliwekwa kwa ajili ya nani?
5. Mfanyakazi akigongwa njiani kwenda kazini, nani ajulishwe, na lini?
6. Kwa nini kuchoma motokari kunamdhuru mgonjwa?

Aliyejibu yote sita, amfundishe jirani mmoja. Shofa, mwenye kinga ni jamaa ya mtu fulani. Pengine ni jamaa yako. Mwenye kinga, shofa naye anataka kulala nyumbani usiku huu. Haraka haraka haina baraka, na juu ya barabara za Masisi haina hata breki.

Safari njema, na tuonane kazini kesho.